Bakteria wa soya: kipakiti kizuri, duka ndo tatizo

Msimu huu nimejaribu bakteria wa soya, kile kipakiti cha unga mweusi unachanganya na mbegu kabla ya kupanda, ili bakteria watengeneze vinundu kwenye mizizi na kuulisha mche naitrojeni ya hewani. Nilinunua duka moja la pembejeo pale Mwanjelwa, jina naliacha. Vipakiti vimepangwa dirishani vinapigwa jua la saa saba na hawa ni viumbe hai jamani sio mbolea, joto linawaua. Namuuliza dada si vinatakiwa kivulini hivi, ananijibu "kaka hiyo haiozi". Nikaomba cha kwenye boksi kule nyuma, akanitolea amenuna.

Nikaenda kupanda Inyala, maji ya sukari kidogo ili unga ushike kwenye mbegu, nikafukia siku hiyohiyo. Mistari mitatu sikuiwekea kitu.

Wiki ya kwanza mistari yote sawa tu, yenye bakteria na isiyo nao, kijani safi, nikajua nimepigwa. Bwana shamba ndo akanicheka, akasema hapo mche bado unakula akiba ya kwenye mbegu. Yale mapande mawili manene yanayotoka nao juu ndo ghala, na soya karibu asilimia 40 ya punje ni protini. Ikiota ile protini inavunjwavunjwa inakuwa asidi amino, naitrojeni inapelekwa kwenye mizizi na majani machanga, na mbebaji mkubwa ni kitu kinaitwa asparajini, chenyewe kinapakia naitrojeni nyingi kwa kaboni kidogo, yani kama Noah ya kwenda kijijini. Kwa hiyo ukiona mapande yanasinyaa na kudondoka usikimbilie dawa ya ugonjwa, ni ghala limekwisha.

Sasa balaa ni hapo katikati, ghala tupu na vinundu vya kwenye mizizi bado havijashika kazi. Kama wiki ya tatu hivi soya yangu ikapauka, jirani anasema mzee weka yurea utalia, na hela nilishaitoa mfukoni. Bwana shamba akagoma, eti ukiumwagia naitrojeni ya mfuko mche unabweteka hautengenezi vinundu vya maana. Nikakaa roho juu. Wiki ya tano nang'oa mche, vinundu hivi hapa, napasua kwa kucha ndani vyekundu kama nyama, hiyo ndo dalili vinafanya kazi, vingekuwa vyeupe au kijani ningerudi dukani na fimbo. Ile mistari mitatu mpaka leo ya njano na imedumaa.

Lawama yangu kwa kipakiti ni moja, karatasi ya maelezo haisemi popote kuhusu hicho kipindi cha njano, mtu si atasema kauziwa feki? Halafu wa maharage msinunue hiki, maharage yana bakteria wake.

Kipakiti nyota nne. Duka nyota moja, na hiyo ni ya lile boksi la nyuma.