Ravenna na Ferrara kwa siku moja: uzoefu wangu wa treni za polepole kutoka Bologna

Ukiwa Bologna, kaskazini mwa Italia, na una siku moja tu ya kutembea, kila mtu atakuambia upande treni ya mwendo kasi uende Florence au Venice. Florence haichukui hata saa moja. Mimi sikwenda huko. Nilikuwa Bologna kikazi, Jumamosi nikawa huru, nikaamua kuzunguka pembetatu: Bologna hadi Ravenna, Ravenna hadi Ferrara, kisha Ferrara kurudi Bologna. Safari zote tatu nilisafiri peke yangu kwa treni za Regionale, zile zinazosimama hata kwenye vituo ambavyo hashuki mtu. Nauli zote kwa jumla hazikufika euro 30. Kama ningepata Jumamosi nyingine, ningerudia vilevile.

Nianze na tiketi, maana ndizo zinazoamua siku itakuwaje. Treni za kasi Italia bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia, na tiketi ya bei rahisi inakufunga kwenye treni moja. Ikikuacha, imekula kwako. Regionale ni tofauti: nauli inafuata umbali, ukinunua leo au wiki iliyopita ni ileile, na hakuna namba ya kiti. Kwa mtu anayesafiri peke yake huo ni uhuru mkubwa. Ukiupenda mji unakaa, ukiuchoka unaondoka, wala huna wa kumwomba ruhusa.

Sharti lake ni moja. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla ya kupanda, na ya kwenye simu lazima uithibitishe kabla treni haijaondoka. Usipofanya hivyo, mkaguzi atakuhesabu kama mtu asiye na tiketi na faini utalipa. Sisi tuliozoea SGR ya Dar kwenda Dodoma, ambako unakaguliwa wewe na begi lako kabla hujaliona behewa, tunaweza kudanganyika. Vituo kama Ravenna na Ferrara unatoka barabarani na kuingia kwenye treni bila mtu kukuuliza kitu. Mkaguzi anakuja baadaye, mkiwa njiani. Alipofika kwangu aliangalia simu, akaitikia kwa kichwa, akapita kwa jirani. Pasipoti nilikuwa nayo kwenye mkoba, na nashauri uwe nayo hata kwa safari fupi.

Fika kituo cha Bologna mapema. Ni kikubwa, treni za kasi ziko chini ya ardhi, na majukwaa yenye neno Est (mashariki) au Ovest (magharibi) yako pembeni, mwendo wa kutosha kukuachisha treni. Ukibakiwa na dakika kadhaa, ingia kwenye chumba cha kusubiria abiria. Bomu lililipuka humo tarehe 2 Agosti 1980 na kuua watu 85. Saa iliyoko ukutani kwa nje wameiacha ikisoma 10:25 mpaka leo, na abiria wanapita chini yake na mabegi yao wakikimbilia treni.

Njia ya Ravenna inapita Imola na Lugo, nchi tambarare yenye mashamba ya matunda pande zote mbili, na ni zaidi kidogo ya saa moja. Behewa lilikuwa safi na lenye nafasi. Choo sitakisifia, nenda kabla.

Sasa Ravenna yenyewe. Mji ni mdogo, tulivu, na ukitoka kituoni hutaona chochote cha kukushtua. Lakini mwaka 402 mfalme Honorius alihamishia hapa makao makuu ya dola ya Roma ya magharibi, kwa sababu mabwawa ya maji yaliyouzunguka yaliwapa adui shida. Wakaja Wagoth, kabila la Kijerumani, wakaja watu wa Konstantinopoli, makao ya dola ya Roma ya mashariki, na kila mtawala akaacha kanisa lililofunikwa ndani kwa mozaiki, picha za vipande vidogo vya mawe na vioo. Nje ni matofali ya kawaida, unaweza kulipita jengo ukidhani ni ghala.

Tiketi moja inakuingiza sehemu kadhaa, pamoja na makanisa ya San Vitale na Sant'Apollinare Nuovo, na jengo linaloitwa kaburi la Galla Placidia, dada wa Honorius. Nunua mtandaoni mapema, kwa sababu kaburi hilo lina zamu za kuingia na ukiwa ndani unapewa dakika chache tu. Nilikuwa nimekwishaanza kununa kwa hizo dakika. Nilipoingia, giza kwanza, kisha macho yakazoea: dari la buluu iliyokolea limejaa nyota za dhahabu, na mwanga unapenya madirisha yaliyozibwa kwa mawe membamba yanayopitisha nuru. Kazi ya karne ya 5 hiyo. Dakika zilipoisha niliona wameniibia.

San Vitale iko hatua chache kutoka hapo, na huko hakuna anayekuharakisha. Mfalme Justinian wa Konstantinopoli yuko ukutani upande mmoja na watu wake, mkewe Theodora upande wa pili na wanawake wake, wote wakikutazama usoni. Hawa wawili hawakuwahi kukanyaga Ravenna. Picha zilitosha kuwaambia watu nani anatawala. Nikakumbuka ofisi zetu zote zenye picha ya rais ukutani.

Lakini kilichonishika zaidi kiko Sant'Apollinare Nuovo, na wengi niliowaona walikipita wakipiga picha mistari ya watakatifu. Kanisa hili lilijengwa na Theodoric, mfalme wa Wagoth, ambaye Ukristo wake ulikuwa wa madhehebu ya Arius, yaliyofundisha kwamba Kristo si sawa na Mungu Baba. Utawala wake ulipoondoka, waliokuja waliona haifai watu wa kasri lake waendelee kuonekana kanisani. Wakawang'oa kwenye mozaiki, wakajaza nafasi zao kwa mapazia meupe. Sasa angalia nguzo za kasri kwa makini: mikono imebaki. Kiganja kiko kwenye nguzo hii, vidole kwenye ile, mwenye mkono hayupo. Waliofanya kazi ya kufuta ama walichoka ama hawakutaka kuharibu nguzo. Nilikaa kwenye benchi nikivitafuta viganja kimoja kimoja. Ningekuwa na mtu mwenye njaa pembeni, hapo ndipo tungegombana.

Kuhusu njaa: chakula cha hapa ni piadina, mkate wa duara unaochomwa juu ya bamba la moto, ndugu wa chapati, unakunjwa na jibini laini la squacquerone na majani ya rucola. Kama huli nguruwe, uliza kabla, maana unga wa asili unakandwa kwa mafuta ya nguruwe. Vibanda vingi vinakuwa na ule wa mafuta ya zeituni. Muuzaji hakuona swali langu kuwa la ajabu. Kula peke yako hakuna tabu yoyote, watu wanakula wamesimama.

Kaburi la mshairi Dante ni kijumba kidogo tu, dakika tano zinatosha, ila kisa chake kitamu. Florence ilimfukuza, akafia Ravenna mwaka 1321. Baadaye Florence ikamtaka, na watawa wa hapa wakaificha mifupa yake. Ilipatikana tena mwaka 1865. Florence imebaki na kaburi tupu, na kila mwaka inaleta mafuta ya zeituni kwa ajili ya taa inayowaka hapa. Ukibakiwa na nguvu, kaburi la Theodoric liko upande wa pili wa reli. Tiketi yake ni nyingine, na paa lake ni jiwe moja lenye uzito wa zaidi ya tani 200.

Treni ya kwenda Ferrara inapita Alfonsine, Argenta na Portomaggiore, na ilikuwa na watu wa kawaida wanaorudi makwao na mifuko ya sokoni. Ferrara nitaisema kwa ufupi, kwa sababu ni mji wa kutembea zaidi ya kuingia ndani. Kutoka kituoni hadi ngome ya Este, ukoo uliotawala mji huu, ni kama dakika 20 kwa miguu. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1385 baada ya wananchi kuasi kwa ajili ya kodi, na mpaka leo imezungukwa na maji. Vyumba vya juu vingi ni vitupu na havikunivutia kwa bei ya tiketi. Chini, kwenye mahabusu, ndiko kwenye uzito: mwaka 1425 mtawala Niccolò alimkata kichwa mkewe Parisina pamoja na mwanawe mwenyewe Ugo, kwa kuwa walikuwa wapenzi.

Nje, mji mzima uko juu ya baiskeli, kuanzia wanafunzi hadi bibi zetu wenye mikoba. Njia ya juu ya kuta za mji ina miti na jioni imejaa watu, nikatembea humo peke yangu bila wasiwasi hadi miguu ikagoma.

Ukiamua kwenda, fuata mpangilio huu na usiugeuze. Kati ya Ravenna na Ferrara treni ni chache, ukikosa moja unaweza kusubiri sana, hivyo ipande mchana. Kutoka Ferrara hadi Bologna zipo nyingi hata usiku, safari haifiki saa moja. Na kabla ya kununua chochote angalia kama kuna mgomo, maana Italia migomo ya reli hutangazwa mapema. Siku za kazi kuna treni zinazolazimika kutembea saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Jumapili na sikukuu hakuna uhakika huo.