Kuvua Shimoni mwezi wa Julai: boti niliyoikodi

Wengi waliniambia Julai si mwezi wa kuvua Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, upepo wa kusi umechafua bahari. Nimekwenda Jumamosi, na nahodha niliyemkodi nitamrudia.

Tuliondoka gatini saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kipupwe imekaza, nimevaa sweta. Mzee hakunidanganya: "Mwanangu, nje ya Wasini leo bahari ni nzito. Tuanze ndani, upepo ukilegea tutatoka." Tukatia nanga baina ya kisiwa na bara, maji yakijaa. Chambo kilikuwa ngisi mbichi wa usiku uleule, si yale mabaki yaliyoganda ninayouziwa kwingine. Akanionyesha kumkata vipande virefu vyembamba, ndoana ipite mara mbili, ncha ibaki wazi. Nikapata changu wanne, kisha kolekole akauvuta mshipi kwa nguvu hadi ukanichana kidole cha shahada.

Saa nne tukachungulia Mkondo wa Pemba. Nusu saa tu: nguru mmoja wa kilo sita hivi, mawimbi yakazidi, akageuza boti bila kusubiri niombe. Hilo lilinipendeza kuliko samaki wote. Kisite tuliiacha mbali, maana ndani ya hifadhi ile kuvua ni marufuku.

Kasoro ni moja, na ni kubwa: jaketi za kuokolea zilikuwa mbili, sisi watatu. Nilimwambia wazi, akaahidi kuongeza. Hesabuni kabla ya kupanda.

Nusu siku, pamoja na mafuta, nililipa shilingi 12,000.