TAHADHARI: "Seti ya skrini tatu" ya kuhariri picha, kadi yake ni feki

Wakuu, kuna muuzaji wa mtandaoni anayesambaza tangazo la seti ya kuhariri picha: kadi ya grafiki (ile inayotoa picha kwenye skrini) ya GTX 1050 Ti yenye kumbukumbu ya GB 4, monita tatu za "IPS 4K" (IPS ni aina ya kioo kinachotunza rangi, 4K ni pikseli 3840×2160) na kebo zake zote. Tangazo limepambwa, na maoni ya wateja chini yake yamefanana mno, utadhani kaandika mtu mmoja. Mwenzangu tunayefanya naye picha za harusi aliagiza seti hiyo, akaingizwa mjini, na mimi ndiye niliyeikagua. Jina la duka silitaji, kwa sababu duka kama hilo likifungwa leo, kesho linafunguliwa kwa jina lingine. Afadhali muijue bidhaa yenyewe.

Tuanze na kadi. Kwa nje huwezi kuishuku: feni mbili, stika safi, boksi jipya. Igeuze utazame upande wa matundu. Hii ilikuwa na tundu la VGA, lile la bluu lenye vishimo 15. GTX 1050 Ti ilitoka mwaka 2016 katika kizazi cha chipu kiitwacho Pascal, na kwenye kizazi hicho watengenezaji wake, NVIDIA, walishaachana na mawimbi ya analogi, ambayo ndiyo VGA inayatumia. Kadi inayojiita 1050 Ti halafu ina VGA, irudishe kwenye boksi kabla hata hujaifunga kwenye kompyuta.

Sisi tuliifunga, tuone. Skrini mbili ziliwaka, ya tatu ikabaki nyeusi. Ukiingia kwenye mipangilio ya Windows ukailazimisha ya tatu iwake, mojawapo ya zile mbili inazima. Tulibadilisha kebo, tukahamisha matundu, mchezo ukawa ule ule. Sababu ni kwamba chipu ya ndani ni ya GTS 450, kadi ya mwaka 2010 ya kizazi cha Fermi, na kizazi hicho kadi moja inaendesha skrini mbili tu kwa wakati mmoja hata ikiwa na matundu matatu. Uwezo wa kuendesha nne ulikuja na kizazi kilichofuata, Kepler, mwaka 2012. Kwa hiyo mnaotafuta kadi ya skrini nyingi, msihesabu matundu. Someni kwenye ukurasa wa mtengenezaji inaendesha skrini ngapi kwa pamoja.

Mwenzangu alipolalamika, muuzaji alimjibu kwamba kebo ni mbovu. Kisha akamshauri anunue kigawanyo cha HDMI, na kwa bahati nzuri anacho dukani! Kigawanyo kinarudufu picha ile ile kwenye skrini mbili. Utaiona Lightroom, programu yako ya kuhariri, mara mbili, lakini nafasi ya kazi haijaongezeka hata kidogo.

Ujanja wenyewe uko kwenye BIOS ya kadi, yaani programu ndogo ya ndani inayoitambulisha kadi kwa kompyuta. Wanachukua kadi kuukuu, wanaandika upya BIOS yake ijitambulishe kwa jina jipya na kumbukumbu kubwa, na Windows inaamini ilichoambiwa. Ukifungua faili dogo mambo yanakwenda. Ukiunganisha panorama ya picha nzito, kadi inaifuata kumbukumbu ambayo haipo na skrini inakuwa nyeusi. Ndiyo maana pia ndani ya boksi kuna CD ya draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) na karatasi inayokukataza kuisasisha. NVIDIA waliacha kutengeneza draiva mpya za Fermi mwaka 2018, kwa hiyo ukipakua ya sasa kutoka kwao, inagoma.

Kipimo cha haraka ni GPU-Z ya TechPowerUp, programu ya bure inayosoma taarifa za kadi. Tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018 inazitambua kadi nyingi za namna hii. Kwetu iliandika [FAKE] mbele kabisa ya jina, na chini yake kori (vitengo vya kukokotoa) 192. 1050 Ti halisi ina 768.

Huyo huyo ana tangazo la "GTX 1060" kwa bei ya kutupa. Picha zake ni za P106-100, kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchimba sarafu za kidijitali. Haina tundu hata moja la kuchomeka monita.

Monita nazo zina yake. Windows inakuruhusu kuchagua 3840×2160, lakini kioo ni cha 1920×1080: kinapokea mawimbi ya 4K halafu kinayabana. Tengeneza picha yenye mistari myeusi na myeupe ya pikseli moja moja, uitazame kwa asilimia 100 huku Windows nayo isikuze chochote. Kioo cha 4K kitaitenga mistari. Cha kwetu kilitoa ukungu wa kijivu. Halafu inama uitazame picha kutoka chini. Kwenye IPS rangi hazihami sana. Hapa uso wa bibi harusi uligeuka kama negativu, na hiyo ni dalili ya TN, aina ya kioo cha bei nafuu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba monita zilikuwa na jina moja nyuma, ila moja tu kati ya tatu ndiyo ilikuwa IPS. Kifaa cha kusawazisha rangi hakikusaidii hapo, maana hakiwezi kuongeza rangi ambazo kioo hakina. Na mkiona "45% NTSC" kwa maandishi madogo, yaani kioo kinaonyesha asilimia 45 tu ya rangi za kipimo cha NTSC, kimbieni. sRGB nzima, kiwango cha kawaida cha rangi za picha za mtandaoni, inahitaji karibu 72%.

Kwa maoni yangu, mhariri wa picha hahitaji kadi ya kutisha wala monita tatu za 4K. Kadi halisi ya kawaida, monita moja nzuri ya kupimia rangi na mbili za kawaida za kuwekea vidirisha zinatosha kabisa.

Kabla ya kulipa, omba picha ya upande wa matundu na picha ya GPU-Z ikiwa na karatasi yenye jina lako pembeni. Lipa ndani ya soko lenyewe, usihamie kwenye meseji za faragha. Rekodi video unapofungua boksi. Usibonyeze "nimepokea" kwa ahadi ya zawadi, kwani hapo ndipo hela inamfikia.

Na kama tayari unayo na muda wa kurudisha haujaisha, piga picha ya GPU-Z leo hii. Ukilalamika atakutumia faili la "kurekebisha BIOS". Usiliweke: linaweza kuiua kadi kabisa, halafu atasema umeiharibu mwenyewe.