Supu ya asubuhi na coco puff: uzoefu wangu Liliha Bakery, Honolulu

Mama yangu alikuja Seattle kutoka Korogwe akakaa nami miezi mitatu, na kitu kilichomshinda Marekani kilikuwa asubuhi. Baridi aliizoea. Ila kuamka akakuta maziwa ya friji na vitu vya kumiminia kwenye bakuli, hapo aligoma. "Mwanangu, mtu anaanzaje siku bila kitu cha moto tumboni?" Kwa hiyo tulipopata safari ya siku tano Honolulu, Hawaii, nilichokitafuta kabla ya ufukwe ni mahali panapouzwa supu asubuhi.

Hoteli tuliyofikia Waikiki ilitupa kahawa nyepesi na mkate mkavu. Kesho yake nikamwamsha mapema, tukapanda basi hadi mtaa wa North Kuakini, kwenye Liliha Bakery. Bekari hii ilianza mwaka 1950 na imepata matawi mengine, hata Waikiki kwenyewe lipo, lakini nilitaka hii ya mtaani ambako wenyeji wanakula. Ukiingia unakutana na makabati ya vioo yaliyojaa keki, na pembeni kuna kaunta ndefu yenye viti. Unakaa, mpishi yuko mbele yako, unaona yai lako likivunjwa.

Hawaii mtu mzima yeyote wa kike anaitwa "aunty", hata kama hamjuani. Nilipomweleza mama hivyo aliridhika kabisa, maana kwake kumwita mama wa makamo kwa jina tupu ni kukosa adabu. Aunty aliyetuhudumia alituwekea kwanza skonzi za siagi zilizokatwa katikati na kukaangwa kwenye bapa la chuma mpaka zikapata rangi, pamoja na jemu nyekundu. Kingo zinakatika kwa mlio, katikati ni laini kama pamba. Ningeweza kuishia hapo nikalipa nikaenda zangu.

Mama aliagiza supu ya mkia wa ng'ombe. Bakuli lilikuja na moshi wake, nyama inajitoa yenyewe mfupani, na pembeni tangawizi iliyokwaruzwa ya kuchanganya na sosi ya soya, unachovya nyama humo. Aliinama akanusa, akanyamaza. Mama akinyamaza mbele ya chakula, ujue kimempata. Alichokosa ni ndimu na pilipili mbuzi tu, na chapati, ingawa skonzi zilishika nafasi yake vizuri.

Mimi nilichukua loco moco. Ni wali, juu yake nyama ya kusaga iliyobapwa na kukaangwa, juu yake mayai ambayo viini havijakauka, halafu rojo la kahawia linamwagwa juu ya yote. Inasimuliwa kwamba chakula hiki kilizaliwa kwenye mji uitwao Hilo, hukohuko Hawaii, mwaka 1949, kwenye mgahawa wa Lincoln Grill, kwa ajili ya vijana waliotaka kushiba kwa pesa kidogo. Pasua kiini, kiache kichanganyike na rojo mpaka wali wa chini unywe. Mama alionja wali wangu akashangaa umeshikamana na hauna chumvi, lakini nilimwonyesha: ukiula na rojo, chumvi yake iko humo.

Sasa niseme kilichonifanya niandike yote haya. Siku iliyotangulia tulikuwa Waipahu, kwenye makumbusho ya mashamba ya miwa. Huko tukasikia habari ya bango. Siyo bango letu la barabarani. Kwao ni kibati chenye namba alichopewa kila kibarua wa shambani, na jina limetoka kwenye neno la Kijapani la namba. Msimamizi aliita namba, hakuita jina. Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba, yaani kibarua wa shambani, kwenye mkonge wa Korogwe, na neno hilo nalo limetokana na namba. Mama alirudia mara mbili, polepole: "Kumbe na hawa walikuwa manamba."

Na vyakula hivi vimetoka kwa watu hao. Wajapani, Wachina, Wareno, Wakorea na Wafilipino walikata miwa pamoja, wakafungua vyombo vyao vya bati mchana na kuonjana. Andazi la malasada lilifika na Wareno, ambao walianza kuletwa kwenye mashamba mwaka 1878. Ndiyo maana sahani moja ya leo ina wali, rojo na makaroni ya mayonizi bila mtu kushangaa. Nilipolijua hilo, hata yale makaroni, ambayo si ladha yangu, niliyamaliza.

Usitoke bila coco puff. Ni kitumbua cha kuoka chenye ngozi nyembamba, ndani kimejazwa krimu nzito ya chokoleti, na kileleni kuna kitone cha chantilly. Chantilly ya Hawaii si ile krimu nyeupe ya kupigwa. Ni siagi, sukari, viini vya mayai na maziwa ya kopo vilivyopikwa pamoja, kwa hiyo ina chumvichumvi kwa mbali inayokata utamu wa chokoleti. Zikiliwa zikiwa za baridi ndizo tamu zaidi.

Bei ni za Honolulu, ambako sehemu kubwa ya chakula huja kwa meli, lakini sahani inashibisha hadi alasiri. Nendeni mapema, mkae kaunta, msichukue cha kubeba kama mna muda. Nyota zote tano.

Siku ya kuondoka tulirudi tena. Mama aliagiza supu ileile, akamaliza, akamshika aunty mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa Kiswahili, "Ahsante sana, mwenzangu." Aunty akamwongezea skonzi mbili kwenye mfuko wa karatasi, zikiwa bado za moto.