Filamu ipi ikutembeze Mji Mkongwe: Bohemian Rhapsody au Vuta N'Kuvute?

Ukija Unguja kutafuta mandhari ya Bohemian Rhapsody (2018), filamu ya maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, utatoka patupu. Ilipigwa picha Uingereza, na hata jukwaa la Live Aid, tamasha la muziki la 1985, lilijengwa upya hukohuko, Bovingdon. Utakachokipata hapa ni chimbuko la mtu mwenyewe: Freddie Mercury alizaliwa Unguja 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahama 1964. Makumbusho yake yapo Shangani, Barabara ya Kenyatta. Kiingilio hulipwa, ndani ni picha na maelezo, saa moja yatosha. Yafaa kwa anayesubiri boti.

Vuta N'Kuvute (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ni kinyume chake: imepigwa picha hapahapa, ila haina mlango wa kukatia tiketi. Kwangu ndiyo yenye utamu. Soma riwaya kwanza, kisha anzia Forodhani, pita vichochoroni hadi Darajani, vuka barabara kuu uingie Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Hapo Darajani palikuwa na mkono wa bahari, ukafukiwa. Ukilijua hilo, utengano wa Mji na Ng'ambo wa miaka ya 1950, zama za hadithi hiyo, unaupima kwa miguu.

Wengi hukwama kwa kung'ang'ania mlango uleule wa kwenye filamu. Kamera huunganisha vichochoro viwili vilivyo mbalimbali vikaonekana kimoja, kwa hiyo fuata mtaa. Toka saa 1 asubuhi, kabla vespa hazijajaa. Barazani penye watu, salamu kwanza, picha baadaye. Ijumaa adhuhuri usijisumbue: maduka mengi hufungwa na njia za misikitini hujaa.