Mkanda wa kunolea wembe: uzoefu wangu wa kuutunza hapa Tabora

Mkanda wenyewe ni mzuri na ningeununua tena. Kopo la mafuta nililouziwa pamoja nao silitaki hata kwa bure. Nitalisema kirefu hilo kopo, maana wengi wanaoanza kutumia wembe wa kukunja huua mikanda yao kwa kuipaka vitu.

Bidhaa kwanza. Ngozi ya ng'ombe, upana inchi 3, upande wa pili kitambaa kizito cha pamba, juu pete ya kutundikia, chini mshikio. Niliagiza kwenye duka moja la Dar es Salaam, ukaletwa kwa basi, shilingi 60,000 pamoja na kopo na kipande cha dawa ya kijani ya kunolea. Kabla ya kutuma hela niliomba wanipigie picha ya ukingo, pale ngozi ilipokatwa. Kahawia mpaka katikati ina maana ngozi ilisindikwa kwa magome, kama ya miwati wanayopanda Njombe. Ukiona katikati pana rangi ya kijivu au ubluu, hiyo ni ya kromiamu: inafaa viatu na mikoba, ila kwa kazi hii mara nyingi ni laini mno na inavutika. Yangu ilikuwa ya magome.

Wembe wangu ni wa Solingen, Ujerumani, wa mtumba, na ni wa uso wangu peke yangu. Kwa kinyozi nataka kiwembe kipya kinachofunguliwa mbele ya macho yangu. Wembe mmoja na mkanda mmoja kwa wateja wote sikubali, hata kinyozi awe rafiki.

Sasa, mkanda unafanya nini? Kula chuma na kurudisha makali yaliyokufa ni kazi ya jiwe. Mkanda unayanyoosha makali na kuyang'arisha kabla ya kunyoa. Unapitisha kwanza upande wa kitambaa, mara 20 hadi 30, kisha ngozi mara 40 hadi 60, mgongo wa wembe ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ili kazi hiyo ifanyike, ngozi inapaswa kuushika wembe kidogo. Ikiushika mno, mkono unakwama. Ikiteleza kabisa, unapunga hewa tu. Kila unachotaka kuipaka ngozi, kipime kwa hilo.

Maelezo ya kopo yanasema upake kila wiki. Nilijaribu kwenye ncha ya chini karibu na mshikio, mahali ambapo wembe haufiki. Kesho yake pale pananata, na vumbi limeshaganda juu. Hapo ndipo walioandika yale maelezo na sisi wa Tabora tunapoachana. Mvua zikikatika mwishoni mwa Aprili hatuzioni tena mpaka Novemba, na Agosti na Septemba vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Chembe moja ya mchanga kwenye ngozi inatosha kung'oa kijisehemu cha makali, na hapo unarudi kwenye jiwe. Mkanda unaonata unazikusanya chembe hizo zote. Nimeushonea mfuko wa kitambaa, na kabla ya kupitisha wembe napitisha kiganja taratibu kutoka juu hadi chini. Kiganja kinahisi mchanga ambao jicho halioni.

Kiganja hicho hicho ndicho mafuta ya kila siku. Mikono safi na mikavu, unasugua ngozi mpaka unahisi joto. Joto linaamsha mafuta yaliyomo tayari ndani ya ngozi, na mkono wako unaongeza kiasi kidogo sana. Miezi ya mvua, ngozi yangu haihitaji kingine. Fundi viatu mmoja wa sokoni, nilipompelekea aikague, aliipinda mara moja akanirudishia: "Kaka, hii iache. Ngozi ikilewa mafuta haiamki."

Kiangazi ni habari nyingine. Kufikia Septemba na Oktoba, joto limepanda na hewa imekauka, ngozi inaanza kujikunja kingo, na ukiipinda unaona mistari myembamba yenye weupe. Hapo inaomba mafuta kweli. Mafuta yanayotajwa sana na wajuzi wa kazi hii ni yale yanayotokana na mifupa ya miguu na kwato za ng'ombe. Yanapendwa kwa sababu hayagandi upesi kama mafuta ya sehemu nyingine za mwili wa ng'ombe, kwa hiyo yanazama ndani ya ngozi. Kwa lugha ya mtaani: makongoro! Nilimwomba mama anayeuza supu asubuhi aniengulie mafuta ya juu kabla hajatia chumvi wala ndimu. "Bila chumvi, baba? Unakwenda kupaka nini?" Nilipomwambia ni ya wembe alicheka mpaka wateja wakageuka. Niliyachemsha upya na maji, nikayaacha yatulie, nikayachuja kwa kitambaa. Yanafaa, lakini ya nyumbani huvunda, hivyo weka kichupa kidogo tu, na yakibadilika harufu mwaga. Ukipata ya dukani yaliyosafishwa, chukua hayo, usijisumbue na masufuria.

Kipimo: matone mawili au matatu kwa mkanda mzima. Yadondoshe kwenye kiganja, usiyadondoshe kwenye ngozi, kisha sugua mpaka kiganja kiwe kikavu. Acha mkanda ukining'inia usiku kucha. Asubuhi futa kwa kitambaa kikavu, pinda tena uangalie. Ile mistari ikiwa bado ipo, rudia baada ya siku chache. Rangi itakolea kidogo, usiogope.

Watu wamenishauri vingi. Mawese ya Kigoma yanayoshuka hapa na treni nayaheshimu kwenye maharage, lakini ni mekundu, yanaganda nusu, na yanaacha doa lisilotoka. Alizeti hugeuka gundi kadiri inavyokaa. Mafuta ya mgando yanabaki juu na kulegeza uso wa ngozi. Rangi ya viatu itahamia kwenye wembe, na kutoka kwenye wembe itahamia shavuni. Nta ya nyuki, ambayo huku kwetu haina shida kupatikana, naipaka kwenye mshikio na kwenye ukingo uliokatwa, basi. Ikifika usoni mwa mkanda inaziba ngozi na wembe unateleza.

Uchafu mweusi unaojitokeza katikati ya mkanda ni vumbi la chuma na mafuta ya zamani. Futa kwa kitambaa chenye unyevunyevu na povu kidogo la sabuni ya kunyolea, kausha kivulini. Sabuni ya mche ni kali kwa ngozi, na jua ndilo baya kuliko vyote. Masika ukiona ukungu, futa nje ya nyumba na utundike panapopita hewa. Usiuweke bafuni.

Kukatika kidogo kwa ngozi hutokea, hasa wakati wa kugeuza wembe. Geuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, makali yakiwa ya mwisho kugusa ngozi, na shika mkanda ukiwa umekazwa, maana ukilegea unayaviringa makali. Pakikatika ukingoni, kipande kilichoinuka kipunguze kwa msasa mwembamba, namba 400 kisha 600, uliozungushwa kwenye kibao. Shimo lililobaki chini ya usawa wa ngozi halina madhara, liache.

Dawa ya kijani ni oksidi ya kromiamu, na inakula chuma kidogo. Usiipake kwenye ngozi hii safi. Mimi nimeipaka kwenye kipande cha suruali ya jinzi nilichokigundisha kwenye ubao, nakitumia makali yanapoanza kuchoka ili kuahirisha jiwe.

Kwa jumla mkanda nimeupa nyota nne. Nyota ya tano imezuiwa na pete: ni ya waya mwembamba, imeshaanza kufunguka kwa kuvutwa, na mkanda ukichomoka wembe ukiwa njiani utaumia wewe. Nimempa yule fundi wa sokoni atie pete ya chuma nene na ashone upya kwa uzi wa viatu. Duka wakifanya hivyo tangu mwanzo, na wakaliondoa lile kopo kwenye bei, nitaagiza na wa mdogo wangu.