DBS kwa ugonjwa wa Parkinson: mkono umetulia, maneno yamekuwa mazito

Uzoefu wangu na DBS, yaani kifaa kinachopandikizwa ili kuchochea ubongo kwa umeme na kutuliza kutetemeka kwa Parkinson, nautolea alama mbili: nyota nne kwa mwili, tatu kwa akili. Nimezitenga makusudi. Anayekisifu kifaa hiki anautazama mkono uliotulia, anayekilaumu anasikiliza maneno yanavyokwama, na mara nyingi wanamwongelea mgonjwa yule yule.

Kwa mwili sina mengi. Waya wenye unene wa milimita 1.27 huingizwa kila upande wa ubongo, ukaunganishwa na nyaya zinazopita chini ya ngozi nyuma ya sikio hadi kwenye betri iliyofukiwa chini ya mtulinga. Mpangilio wa kuanzia huwa mapigo 130 ya umeme kwa sekunde (130 Hz), kila pigo likidumu mikrosekunde 60, halafu volti zinapandishwa polepole. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2009, lenye wagonjwa 255, waliopandikizwa waliongeza wastani wa saa 4.6 kwa siku za dawa kushika vizuri bila mwili kujinyonganyonga. Waliobaki na dawa peke yake hawakuongeza kitu. Jaribio hilo hilo lilionyesha kushuka kidogo kwa baadhi ya vipimo vya akili, na hapo ndipo vipeperushi vinapopita mbio.

Kinachoshuka mara nyingi kuliko vyote ni wepesi wa kutoa maneno. Mtu anafuata mazungumzo, anakumbuka nani kasema nini, ila zamu yake ikifika jibu linachelewa, na wenzake wameshahamia habari nyingine. Ukimpima kumbukumbu pekee utamwambia yuko salama, naye anajua hayuko sawa.

Jambo hili linapimika kwa saa ya simu. Mpe sekunde 60 ataje wanyama wote anaowajua, uhesabu bila kurudia: simba dume na simba jike ni mmoja. Fanya hivyo dawa ikiwa imeshika, mara mbili kabla ya upasuaji katika wiki tofauti, maana mara ya kwanza watu huduwaa. Rudia baada ya miezi 3, 6 na 12, na uandike kila namba kwenye daftari la kliniki. Kipimo cha herufi, cha kutaja maneno yanayoanza na herufi moja, nakitilia shaka kwa Kiswahili. Mpe mtu K uone: kiti, kisu, kijiko, kikombe vinatiririka kwa sababu ya ngeli, na akiingia kwenye vitenzi vya ku- hamalizi hata ukimpa siku nzima. Ukilazimika, tumia F au S.

Kwa nini maneno yanapungua? Sehemu kubwa ni waya wenyewe. Wagonjwa wamepimwa kifaa kikiwa kimezimwa, na wepesi wa maneno haukurudi pale ulipokuwa kabla ya upasuaji. Waya ukipenya njiani kiini cha kodeti, sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kufikiri, akili huathirika zaidi. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa upasuaji, kabla ya kusaini, ni hili: njia uliyochora kwenye MRI inakikwepa kiini cha kodeti na vyumba vya maji ya ubongo? Hilo likishapita, hakuna rimoti ya kulirekebisha. Mpangilio unabeba sehemu iliyobaki. Kushusha 130 Hz hadi 60 Hz huwasaidia baadhi ya watu kwa maneno na kwa miguu inayoganda, ila kutetemeka kunaweza kurudi.

Tatizo la pili hudhaniwa kuwa huzuni au kusahau kwa uzee. Mtu amekaa, chai inapoa mbele yake. Ukimwambia anywe, anakunywa. Usipomwambia, hanywi, wala hana malalamiko. Kabla ya kuulaumu umeme, tafuta tarehe dawa zilipopunguzwa. Waya ukiwa kwenye kiini cha sabthalamasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo inayolengwa mara nyingi, levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hupunguzwa sana, pengine hadi nusu, na ikikatwa haraka ubongo unabaki na njaa ya dopamini, kemikali inayopungua kwa wenye Parkinson: hamu ya kuanza jambo inazimika wiki au miezi baadaye, huku mkono ukiwa umetulia vizuri. Ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Dawa ya hapo ni daktari kurudisha sehemu ya dozi, wala si kupandisha volti.

Kinyume chake kipo pia: maneno mengi, kucheka ovyo, manunuzi ya ghafla, kubeti. Likianza siku chache baada ya mpangilio kubadilishwa, shuku kituo cha chini kabisa cha waya, yaani ncha mojawapo inayotoa umeme, kilicho karibu na eneo la hisia. Mtaalamu akihamia kituo cha juu yake, mara nyingi mambo hutulia. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2007 ulionyesha kwamba kifaa kikiwaka mtu hapunguzi mwendo anapokabiliwa na uamuzi mgumu. Kwa hiyo miezi ya kwanza, mikopo na mauzo ya viwanja yasubiri.

Ipo sehemu nyingine ya kuweka waya, globasi palidasi. Jaribio la Marekani la mwaka 2010, lenye wagonjwa 299, liliona mwendo ukiboreka kwa kiwango kimoja kwa sehemu zote mbili. Sabthalamasi ilipunguza dawa zaidi, palidasi ikawa laini zaidi kwa upande wa moyo mzito. Mimi namba ya wanyama ikiwa ndogo tangu mwanzo, ningeomba palidasi ijadiliwe kwanza.

Mwenye shida kubwa ya akili tayari hafai kupandikizwa. Ila kabla ya kumpima, angalia kama anakunywa benzhexol, dawa ya kutetemeka ambayo kwetu inatolewa sana. Inafifisha kumbukumbu na kuharibu kipimo. Daktari aipunguze taratibu, kwani kuikata ghafla kuna madhara yake.

Wodini, siku za kwanza, wazee wengine huchanganyikiwa. Chunguza mkojo, sodiamu, orodha ya dawa, na CT kama anazidi. Hatari ni nesi wa zamu mwenye nia njema: haloperidol kwa fujo, metoclopramide kwa kutapika, ile wengi wanayoiita Plasil. Zote mbili zinazuia dopamini. Bandika karatasi kitandani inayozikataza. Ya fiziotherapia iandikwe pia: mashine ya joto ya daiathemi ni marufuku kwa mwenye DBS, inaweza kuunguza ubongo kupitia waya.

Nyota iliyobaki naikata kwenye ufuatiliaji. Mpangilio hauishi siku moja, unahitaji kurudiwa mara kadhaa ndani ya nusu mwaka, na kompyuta ya kampuni moja haisomi kifaa cha nyingine. Anayepasuliwa India kisha akarudi nyumbani aondoke na karatasi yenye jina na modeli ya kifaa, vituo vinavyotumika kila upande, volti au miliampea, Hz, mikrosekunde, dozi za kabla na baada, na zile namba za wanyama. Betri isiyochajiwa huisha kati ya miaka 3 na 5, kwa hiyo tarehe ya kuipima nayo iwemo.